Jino Lisilokubali Dawa

…na taa hii ya bluu inamulika tu, haijali nani kasema kweli na nani kadanganya, jeli inawasha kwenye ufizi, naye bibi harusi mtarajiwa kalala chali kwenye kiti cha daktari wa meno, midomo imetanuliwa kwa plastiki, hawezi hata kumeza mate sawasawa sembuse kusema, na kusema ndiko kulikotakiwa, pale mwanzo, daktari alipomuuliza, dada, una jino lolote la bandia, maana dawa hii hailing'arishi, litabaki na rangi yake, akatikisa kichwa, hapana, kwa sababu wifi yake alikuwa kakaa pale pembeni, mkoba mapajani, masikio wima… mjinga we, sasa yote yatatoka meupe pee na lile moja la mbele litabaki na unjano wake, likimtangaza, wifi atauliza, hilo limekuwaje, na yeye atasema aliteleza bafuni, ndivyo alivyomwambia mama, ndivyo alivyomwambia yule daktari aliyemwekea jino, bafu la watu lilisingiziwa mengi, kumbe ngumi, ngumi ya mume ambaye ukoo huu mpya haujui kama aliwahi kuwepo, mchumba kaambiwa hajawahi kuolewa, akijua je, Mungu wangu, akijua… "Bado kidogo, dada, ukiumia inua mkono," mkono wenyewe umeganda kwenye kiti, anaogopa, anaogopa mpaka vidole vya miguu vimejikunja ndani ya viatu, na wifi kageukia dirishani, anaongea na simu kwa sauti ya chini, watu wakimwona mtu kazibwa mdomo hudhani na masikio yamezibwa… "Tupo huku bado, mama… kaka ndiye aliyetaka, anasema hataki kuchekwa kwenye picha… hapana, usimwambie tumechelewa, mwambie tunamalizia, si unamjua akikasirika… bega? Bado linauma… hospitali niliwaambia nimeteleza bafuni"… bafuni, kasema bafuni, kwa sauti ile ile aliyoisema yeye, nyepesi, ya mtu aliyeizoea, na lile bega analolibeba upande, mbona aliliona wiki nzima akadhani ni maringo ya mawifi, na mchumba, yule anayemshika kidevu akisema cheka nione, anavyokishika, vidole vikibana kidogo zaidi ya mapenzi, alijua, mwili ulijua, akauambia nyamaza… simu imekatwa, wifi karudi kukaa, anatabasamu, "Utapendeza, wifi yangu, kaka anakuja mwenyewe kutuchukua," na hofu haijaondoka, imehama tu, imetoka kwenye jino ikaenda kusimama mlangoni inasikiliza nyayo, na jino sasa, ajabu, hataki tena lifichike, libaki na unjano wake, wifi alione vizuri, maana katika watu wote wa nyumba ile ni wifi peke yake atakayelitazama na asiulize limekuwaje, "Umetulia vizuri," daktari anasema, taa inamulika…