Bwana Wangu Yu Hai

Githae wa kanisani kwetu, aliyefiwa na mke kama nilivyofiwa na mume, alisema Jumapili atapanda pikipiki yangu twende ibada Thika. Nilijua ana neno. Kiti kilikuwa kimeraruka hadi sponji inachungulia, kwa hivyo nikakipeleka kwa Waleed, fundi wa viti pale Ruiru. Akakivalisha ngozi nyekundu, na kwa nyuma akashona nilivyomwambia: BWANA WANGU YU HAI.

Jumapili Githae alifika na suti. Akainama, akasoma, akaruka nyuma.

“Ngai! Mama Tabby, si tulimzika mzee wako na mimi nikiimba?”

“Mlimzika. Kwani?”

“Na hapa umeandika bwana wako yuko hai!”

“Githae, huyo ni Yesu!”

Akashika kiuno. “Sasa mimi nitashindana na Yesu?”

Nilicheka hadi klachi ikaniponyoka, pikipiki ikazima langoni mara mbili. Tuliposhika barabara, akanikoholea sikioni.

“Mama Tabby, hakuna nafasi ya bwana mwingine, wa hapa duniani?”

“Kwani hapo umekalia nini?” nikamjibu, nikaongeza moto.