Zinki Zisiachwe Uchi

Karakanani kwetu waliniita Bwana Katuni, kwa sababu kazi yangu ni kuchora meli kwenye kompyuta: bluu mahali chuma kitakuwa salama, nyekundu mahali kutu itakapokula. Kazi nilitafutiwa na baba mkwe, msimamizi wa wapaka rangi, baada ya kampuni mbili kunitimua. "Ukifukuzwa na hapa," aliniambia, "binti yangu umrudishe kama ulivyomchukua." Nikaitikia kwa adabu. Watoto watatu ningewarudisha wapi, sikuuliza.

Siri ya kutu ni hii: chini ya meli tunafunga vipande vya zinki. Maji ya chumvi yakija na njaa yao, yanatafuna zinki, chuma kinapona. Zinki ni yule ndugu anayechapwa kwa makosa ya ukoo mzima. Mimi nakokotoa vipande vingapi, vikae wapi.

Safari hii kompyuta ilisema bluu tupu. Meli ikashushwa majini. Asubuhi bosi akaizunguka na kipima umeme chake, kile kinachoonyesha chuma kinapoliwa, akarudi amevimba.

"Katuni! Huku nyuma chuma kinaliwa. Hesabu ulipiga ya bahari au ya beseni?"

"Bosi, mimi nili..."

"Mwenye meli anafika saa tisa. Usiponieleza kabla yake, begi lako unajua lilipo."

Nikabadilisha chumvi, joto, mwendo wa maji. Bluu. Nikaipiga kompyuta kofi. Bluu.

Saa sita baba mkwe akaingia na bakuli lake la chakula, akakalia kiti changu.

"Mbona sura kama soli? Changamka! Meli ile ilikuwa iondoke na aibu. Kule nyuma wenzako walifunga vidude vya kijivu, wakaviacha uchi. Nikavipaka mara tatu. Vinang'aa!"

Nikapaliwa, na sikuwa nakula chochote. Zinki iliyopakwa rangi ni mlinzi aliyefungiwa chooni: kazini yupo, msaada hana.

Haya, sema sasa! Mkwe humwambii, "Umeharibu." Nikimchongea kwa bosi, mzee wa miaka thelathini kazini anaondoka na brashi yake, nami nyumbani nalala na paka. Nikinyamaza, begi.

"Baba," nikasema, "naomba unisaidie kupaka rangi. Humu ndani."

Nikamwonyesha zinki za nyuma kwenye kioo cha kompyuta. Akazibonyeza moja moja. Kila aliyoipaka, meli ikazidi kuiva: njano, chungwa, nyekundu. Namba zikawa zilezile za kipima cha bosi.

Akaacha kutafuna. "Mjinga gani kafanya hivi?"

"Kompyuta haitaji majina, Baba."

Akafunika bakuli, akatoka. Nikamnyatia hadi mlangoni kwa bosi.

"Waite wapiga mbizi wakwangue zinki za nyuma," nilimsikia. "Nilizipaka rangi mimi."

"Wewe? Kwa nini?"

Kikohozi, kilekile alichokohoa siku ya posa. "Nilikuwa nampima mkwe wangu. Kaninasa kabla ya saa saba. Begi lake liache."

Mwenye meli alipofika, wapiga mbizi walikuwa wanajifuta maji, na namba za kipima zilishaanza kurudi mahali pake. Njiani kuelekea nyumbani mzee akaniambia, "Kosa lako wewe. Ungeandika."

Kwa hiyo kwenye meli iliyofuata aliandika mwenyewe. Juu ya kila zinki, herufi kubwa, mwandiko safi, rangi nyeupe mara tatu: USIPAKE RANGI HAPA.