Ngao Iliyovuliwa Magamba

Violeth Chilongani alikuwa dereva wa kukodiwa, na kazi yake ilikuwa kuwafikisha wapima maji kwenye vijiji vya Chemba na Kondoa, huko ambako barabara humezwa na mchanga na dereva hujitafutia njia kwa macho yake mwenyewe. Gari lake lilikuwa Land Cruiser la zamani, jeupe, lililo wazi nyuma. Alilipenda lote, lakini fahari yake kubwa ilikuwa ngao ya mbele, mabomba manene meusi yaliyobeba winchi, mashine ya kebo ya kuvutia gari lililozama. Fundi alipomuuliza anaitaka iweje, aliokota kijiti akamchorea vumbini.

Rangi ya ngao ile haikupakwa kwa brashi. Ilikuwa ile ya unga, unaopuliziwa kwenye chuma kikavu, kisha chuma kizima kinaingizwa tanurini mpaka unga uyeyuke na kukivaa kama ngozi. Ilipokuwa mpya iling'aa hadi mtu angeweza kujitazama na kufunga kilemba. Baadaye kokoto za njiani ziliitoboa hapa na pale, maji yakapenya, kutu ikaanza kutambaa chini kwa chini. Violeth akanunua kopo la rangi ya kupuliza, akaziba madoa. Yakarudi. Akaziba tena. Yakarudi yakiwa makubwa zaidi.

Mwezi wa Oktoba, asubuhi moja wakipakia vifaa, Stanley, msimamizi wa mradi wa visima, alilizunguka gari akilikagua. Akasimama mbele, akagusa ngao kwa kidole gumba. Kipande cha rangi kikabanduka, kirefu kama ganda la kitunguu, na chini yake chuma kilikuwa chekundu.

"Dada Violeth, hii inanyonyoka kama kuku mgonjwa," alisema.

Vijana wa vipimo wakaangua kicheko. Stanley mwenyewe hakucheka.

"Sisemi kwa ubaya," akaendelea. "Mvua zikianza, winchi hiyo ndiyo itakayotutoa kwenye makorongo. Itengeneze, au nitafute gari lingine. Siwezi kuwapeleka watu porini na chuma nisichokiamini."

Violeth aliitikia kwa kichwa. Njia nzima hakuwasha redio. Kilichomuuma si kicheko cha wale vijana. Ni kwamba Stanley alikuwa amesema kweli.

Jumamosi akalipeleka gari Kizota, mjini Dodoma, kwenye karakana ya Sila. Sila alikuwa mchomeleaji hodari, mwenye mdomo usiotulia, aliyemfahamu Violeth tangu walipokuwa wote madereva wa malori ya mahindi ya Kibaigwa.

"Violeth, hii ya nini kutuumiza vichwa?" alisema, akiwa bado hajainama. "Tunapitisha msasa, tunapaka puti, tunapuliza nyeusi. Jioni unaondoka nayo kama bibi harusi."

"Harusi ya wiki mbili," Violeth alijibu. "Hiyo nimeshaifanya mwenyewe na kopo langu. Leo nataka nione chuma."

"Chote?"

"Chote. Hata mahali ambapo rangi bado inaonekana nzima."

Sila akaguna, akachukua spana. Waliifungua ngao, wakaiinua pamoja, na walipoiinamisha wote wawili wakaruka nyuma: maji machafu, mekundu kama chai ya rangi, yalichuruzika kutoka ndani ya mabomba.

"Mungu wangu," alisema Sila. "Dodoma hii kavu, na wewe umebeba kisima mbele ya gari!"

Mabomba yalikuwa yamezibwa pande zote. Maji yaliyoingia kwa kila ufa mdogo yalikosa pa kutokea, yakakaa humo yakila chuma kutoka ndani. Violeth alichukua patasi na nyundo, akaanza kubandua. Mahali palipokuwa na mabaka rangi ilitoka bila ubishi. Lakini hata pale palipong'aa, patasi ilipoingia chini yake ngozi iliinuka pana, na kutu ikaonekana imetandaa kama mizizi. Alipofika kwenye bamba linaloshika winchi akaligonga. Sehemu nyingine zote zililia kama kengele. Hapo palijibu kwa sauti nzito ya kigae. Akagonga tena, na ncha ya patasi ikazama.

Walitazamana. Sila akakwangua rangi iliyobaki hapo. Ufa ulikuwa umekwenda kutoka tundu la boliti moja hadi la pili, ukiwa umefichwa muda wote na rangi nyeusi safi. Violeth akawaza siku zote alizowahi kujivuta kutoka kwenye tope kwa bamba lile, watu wakiwa wamesimama karibu.

"Kata," alisema.

Sila akakata pale palipooza, akachomelea bamba jipya, nene kuliko la kwanza. Violeth akatoboa matundu madogo chini ya kila bomba, maji yakiingia yapate njia. Kisha wakaipeleka ngao kwa jamaa mwenye kompresa ya kukipiga chuma kwa mchanga mpaka kutu itoke, na ilirudi ikiwa ya rangi ya majivu, imekwaruzika sawasawa, haina hata chembe ya wekundu. Violeth hakuwahi kuona chuma kikiwa uchi namna ile. Alikipangusa kwa tina ya kuondoa mafuta, akakipaka rangi ya msingi yenye zinki siku ileile, umande usije ukakiwahi.

Sila alimshauri warudishe rangi ya tanurini. "Hiyo ndiyo ya kisasa."

"Ni nzuri," alisema Violeth. "Lakini jiwe likiitoboa huko Chemba, tanuri nitalipata wapi? Nataka rangi ambayo nikipata jeraha njiani, naliziba mwenyewe kwa brashi."

Akapaka nyeusi, mkono wa kwanza, mchana kweupe. Alikuwa anakunja kitambaa upepo ulipoingia Kizota na kuliinua vumbi lote la uwanja. Mpaka ulipopita, ngao yake mbichi ilikuwa imekuwa kama mbuzi ya kukunia nazi. Violeth alikaa chini juu ya tairi, akaiangalia. Machozi yalimlenga, kisha akaanza kucheka, na Sila, aliyekuwa akiogopa kumtazama, naye akacheka.

"Msasa uko wapi?" Violeth aliuliza.

Aliikwangua yote upya. Siku iliyofuata alifika alfajiri, wakati upepo wa Dodoma haujaamka, akamwagia maji uwanja mzima ulowe, ndipo akapaka. Jua lilipopanda, rangi ilikuwa imeshika, laini, nzito, haina doa. Sila alikuja na kikombe chake cha uji, akasimama. Hakutania. Alisema tu, "Sasa hii ni kazi."

Mwezi wa Februari wakatumwa Chemba tena. Stanley alikuwa amekaa kiti cha mbele. Walipofika kwenye korongo pana la mchanga, wakakuta lori dogo limezama katikati mpaka ekseli. Lilikuwa la kwaya iliyokuwa ikirudi kutoka Kondoa kwenda Mvumi. Wanakwaya walikuwa wamevua viatu, sare zao za njano zimelowa jasho, wanasukuma, na kila wakisukuma matairi yanazama zaidi. Dereva wake, mwanamume mnene aitwaye Abeli, alimkimbilia Violeth, akimsalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa, dada! Tusaidie. Lori hili ndilo maisha yangu."

Violeth alitazama upande wa Kondoa. Mbingu ilikuwa nyeusi. Huku waliko hapakuwa na tone, lakini makorongo ya huku hayasubiri mvua ya hapahapa.

"Waondoe wote, watoke mchangani," alisema. "Wote, sasa hivi."

Alilirudisha gari kwenye ukingo mgumu, akalifunga nyuma kwa mnyororo kwenye mti mkubwa wa mgunga. Stanley alishuka bila kuambiwa, akakokota kebo ya winchi akiwa na suruali yake ya ofisini, akaipitisha kwenye puli, akaifunga kwenye lori walivyoelekezana, huku Abeli akirudi kwenye usukani.

"Inashika?" alipaza sauti.

"Ondoka kwenye kebo! Simama mbali!" Violeth alijibu.

Winchi ikaanza kunguruma. Kebo ikanyooka, ikalia. Ngao ikaguna, na pua ya gari ikainama. Violeth alikuwa amekazia macho mahali pamoja tu, pale kwenye bamba, akingoja kuona hata mstari mwembamba katika rangi. Lori halikujongea. Kwa mbali, juu ya korongo, ikasikika sauti kama ya watu wengi wanaoburuta magunia.

"Maji!" mtu akapiga kelele.

"Abeli, gia ya kwanza, taratibu!" Violeth aliita. "Usikanyage kwa pupa!"

Matairi ya lori yakazunguka, yakauma, na mchanga ukaachia kwa mshindo. Likaja. Kwanza inchi, kisha hatua, kisha likapanda ukingo likitetemeka na kutapanya mchanga. Abeli hata hakuwa amevuta breki ya mkono maji yalipotokea kwenye kona, ya kahawia, yamebeba magogo na povu, yakapita palepale lilipokuwa limezama.

Halafu mama mmoja wa sauti ya kwanza akapiga kigelegele, na kwaya nzima ikalipuka. Waliimba wakiwa pekupeku, mabega yakicheza ngoma ya Kigogo, wakamzunguka Violeth, wakamnyanyua juu ya mikono yao, yeye akipiga kelele wamshushe huku akicheka hadi akakosa pumzi.

Alipokanyaga chini alikwenda moja kwa moja mbele ya gari, akapiga magoti, akapitisha kiganja kwenye bamba. Lilikuwa zima. Hakuna ufa, hakuna hata ukucha wa rangi uliobanduka. Stanley akachutama pembeni yake, mchanga umemganda hadi mapajani.

"Dada Violeth," alisema, "mradi una magari mengine manne, na keria zake za mizigo zote zimeota magamba. Ungekubali kuyaangalia?"

"Yalete Kizota," alisema Violeth. "Lakini waambie mapema: tunaanzia kwenye chuma."

Kisha akainuka, akaenda kucheza na kwaya, mpaka maji yalipopungua.