Darubini ya Kusomea Kadi

Mwezi wa asubuhi, uliolika upande mmoja kama sabuni ya kufulia, ulikuwa bado juu ya paa la duka la miwani na darubini pale fundi cherehani alipoingia na wifi yake. Gauni la mteja alikuwa ameliacha mashineni, mkono mmoja haujashonwa.

"Nataka darubini," alimwambia muuzaji. "Sijawahi kuwa nayo."

"Ya kutazamia nini, mama?"

"Mwezini. Mume wangu yuko kule, nataka kusoma kadi yake."

Muuzaji akauliza kadi yenyewe ina maandishi ya ukubwa gani.

Mume huyo alikuwa fundi wa lipu. Jukwaa lilipokatika kwenye ghorofa ya saba ya ukumbi mpya, wenzake wawili walianguka chini wakavunjika miguu. Yeye alianguka kwenda juu, mwiko mkononi. Sasa kampuni ile daftari husainiwa jioni, wakati wa kutoka. Asiyesaini jioni, hakuja kazini. Basi akaandikwa mtoro, na ukumbi ulipofunguliwa, kibao cha majina ya walioujenga kikabandikwa mlangoni bila jina lake. Lakini asubuhi ile kadi yake iligongwa muhuri getini, na kadi aliondoka nayo shingoni. Mkewe alitaka jina liandikwe. Hakutaka kingine.

Muuzaji akasimamisha nje ya duka bomba jeupe la miguu mitatu. "Hili linakuza mara mia mbili."

"Mtaka cha mvunguni," wifi akasema, na fundi cherehani akainama.

Alimwona mumewe akipiga lipu ukingo wa shimo, kichwa chini, miguu juu.

"Amepinduka."

"Mabomba ya aina hii hupindua kila kitu. Kwa nyota haidhuru, nyota haina kichwa wala miguu."

"Karani wa kampuni yake anakataa hata fomu iliyokunjika pembe. Kadi iliyopinduka ataisoma?"

"Na kaka yangu hata akisimama wima watu hawamwelewi," wifi akasema. "Lete nyingine, baba."

Ikaja ndogo ya macho mawili, nyepesi kama kikombe. Humo mume alikuwa nukta. Mwisho ikaja nzito, ya macho mawili pia, vioo vyake vipana kama visahani.

"Anayeanza asikimbilie kukuza," muuzaji alisema. "Ukikuza sana, unakuza na mtetemeko wa mkono. Hii inakuza kiasi, ila inakusanya mwanga, na haipindui."

Fundi akaegemeza viwiko kwenye ukuta mfupi wa baraza, akabana pumzi kama anayetunga uzi kwenye sindano. Namba ikatulia. Kisha tarehe. Kisha muhuri, wa buluu.

"Nifungie hii."

Wakaenda moja kwa moja ofisini kwa kampuni. Karani akatoka nje uani, akafuta vioo kwa tai yake, akatazama kwa muda mrefu.

"Namwona. Namba ni yake, tarehe ndiyo, muhuri ni wetu." Akainua mkono kidogo, kwa adabu, maana yule wa mwezini alikuwa amempungia.

"Basi andika jina."

"Jioni hakusaini, mama. Tena naona anafanya kazi kwingine bila ruhusa."

Akaingia ndani, akachapa barua ya onyo kwa utoro, nakala mbili, akamkabidhi moja ampelekee mhusika.

Fundi akasimama katikati ya ua, akaikunjua barua juu ya kichwa chake, maandishi yakitazama mbinguni. Wifi ndiye aliyeshika darubini.

"Ameweka mwiko chini. Anapangusa mikono kwenye suruali, yule hafundishiki. Anasoma. Bado anasoma. Haya, amemaliza. Kashika mwiko."

Fundi akaikunja barua mara nne, akaitia mkobani, akarudi ndani kusimama mwisho wa foleni. Walikuwepo watu tisa mbele yake. Zamu yake ilipofika, karani akachukua fomu mpya na kumuuliza, kama mtu asiyemjua, shida yake ni nini.

"Jina la mume wangu," alisema, akaanza kulitaja herufi moja moja.