Kasiana Hakubali Mia na Sitini

Mjimwema nzima ilijua kwamba Kasiana ana mdomo. Angeweza kukusema toka kanisani mpaka kwako, na ukifunga mlango akaja kumalizia dirishani. Lakini kwenye namba hakuwa na mchezo. Kwa miaka kumi na tisa, akiwa mpimaji wa idara ya maji, aliteremka bondeni asubuhi na jioni, akasimama kando ya mto, akatazama ubao wa kipimo uliofungwa kwenye nguzo ya daraja bovu, akaandika daftarini maji yamefika sentimeta ngapi. Mvua inyeshe, jua liwake, yeye yupo. Hata siku aliyomzika mumewe, Athanasi, alisoma kipimo kabla ya misa, na jioni akawaacha waombolezaji wanakula, akateremka tena. Watu walimsema weee, mpaka wakachoka.

"Mto haujafiwa," aliwajibu. "Aliyefiwa ni mimi."

Madaftari yake yalikuwa yamefika thelathini na manane, yote ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, na panya aliyethubutu kusogelea sanduku lile alijuta kuzaliwa.

Basi, ulikuwa mwaka 2004. Vibanda vya vocha vilikuwa vimejaa kila kona ya Songea mjini, viwanda vya serikali vimeuzwa au vimefungwa, na neno lililowatisha watu kuliko ugonjwa lilikuwa "kupunguzwa". Athanasi mwenyewe alipunguzwa kiwandani, hakumaliza mwaka wa pili akafa, na hakuna aliyeweza kumtoa Kasiana kwenye imani kwamba barua ya kupunguzwa ndiyo iliyomuua. Kwa hiyo mwezi wa tatu, gari la mradi wa vipimo vya maji lilipoteremka bondeni na kushusha wanaume wawili na boksi la chuma, alifunga daftari, akawasogelea.

"Shikamoo, mama," alisema Saimon, fundi wa mradi, mtu mwembamba na mpole, mzaliwa wa Lusewa.

"Marahaba. Hilo jeneza ni la nani?"

Saimon akacheka, akamweleza. Ndani ya boksi mna mashine inayopima maji yenyewe kila robo saa, kwa waya unaoingia kwenye bomba lililosimamishwa mtoni. Pembeni ya mashine kuna kidude kinaitwa modemu. "Modemu ni simu, mama, ila haina mdomo wala vitufe. Inawekwa laini kama simu ya kawaida. Kila asubuhi inatuma ujumbe ofisini mjini kusema maji yako wapi. Na sisi tukitaka kujua saa yoyote, tunaitumia ujumbe, inajibu."

"Na mimi?"

Aliyejibu ni Injinia Fransisko, mkuu wa mradi, bwana mfupi mwenye shati jeupe na kalamu tatu mfukoni. "Wewe utaendelea miezi mitatu ili tulinganishe. Baada ya hapo tutaona."

Kasiana aliijua "tutaona" ya wakubwa. Athanasi naye aliambiwa hivyohivyo.

Injinia akachagua pa kusimamisha bomba: kidimbwi kilichotulia chini ya daraja, hatua mbili tu kutoka kwenye ubao. Kasiana akamwambia waziwazi kwamba pale ndipo wanawake wanapoloweka mihogo, tangu enzi za mama zao.

"Mama, hebu kaa pembeni tufanye kazi," alisema injinia bila hata kugeuka.

Kasiana akakaa pembeni, midomo ameibana. Wakasimamisha bomba, chini yake lina vitundu vya kuingizia maji, wakalizungushia kiukuta cha mawe ili mkondo usilitikise. Maji ndani ya ukuta yakatulia tuli.

Kazi ikaja kwenye modemu. Saimon akaweka laini, akaingiza namba ya siri, akaunganisha betri na paneli ya sola, akangoja. Taa ikawaka nyekundu. Akazima, akawasha, nyekundu. Akabadilisha laini ya kampuni hii akaweka ya kampuni ile, nyekundu vilevile. Akashika antena juu ya kichwa, akazunguka nayo bondeni huku akiikodolea macho taa, jasho linamtoka, mpaka wanawake waliokuwa wakifua wakaanza kumwonea huruma. Saa tatu zikakatika. Injinia akasema bonde hili halifai, wafunge vifaa, watafute mto mwingine.

Hapo Kasiana angekaa kimya, kazi yake ingebaki salama. Wanawake wenzake walimwambia hivyo baadaye, na yeye mwenyewe alijiambia hivyo usiku mwingi. Lakini hakuumbiwa kutazama watu wazima wakifanya kazi kijinga.

"Nyinyi mnatafuta netiweki shimoni," alisema. "Mtu wa hapa akitaka kupiga simu anapanda juu ya tanuri la matofali la Bakili, lile pale mteremkoni. Pale unaongea na Dar es Salaam kama uko nayo jikoni."

Wakavuta waya wa antena mpaka kwenye tanuri, wakaufunga juu ya mlingoti. Taa ikawaka kijani. Saimon akapanda juu ya tanuri na simu yake, akaitumia mashine ujumbe, na kabla hajashusha mkono jibu likaingia. "Mia moja arobaini na nane!" alipiga kelele. Kasiana akatazama ubao. Mia moja arobaini na nane. Alifurahi bila kutaka, akawapigia makofi, na hasira ikampanda kwa kujiona anapiga makofi.

Mwezi wa nne maji yalijaa, na namba zilikwenda sambamba, ya mashine na ya mama. Mwezi wa tano mvua ikakatika, jua likarudi, mto ukaanza kushuka kama unavyoshuka kila mwaka. Wanawake wakamenya mihogo, wakaijaza kwenye magunia, wakashuka nayo kuloweka.

Wiki ya tatu ya mwezi huo Saimon alikuja peke yake, kwa miguu, na karatasi mkononi. Hata alipopewa kigoda hakukaa.

"Mama, namba zenu zimeachana. Mashine inasema mia na sitini, mia na hamsini na tisa, wiki tatu sasa haiteremki. Wewe umeandika mia na ishirini, mara tisini, mara sabini na nne. Injinia anasema unakaa nyumbani unapika namba."

"Anasemaje?"

"Na si hilo tu." Saimon aliikunja ile karatasi. "Ameandaa barua. Anasema kama unadanganya sasa, basi umedanganya siku zote. Madaftari yako yote yafutwe kwenye kumbukumbu za mto. Miaka yote kumi na tisa."

Kasiana alihisi kama amechapwa kofi. Kazi ni kazi, wangeichukua angelima, alikuwa na mikono. Lakini sanduku lile la bati! Mafuriko yaliyobeba daraja yakaacha nguzo, yamo humo. Ukame uliokausha visima, umo humo. Siku ya Athanasi imo humo, asubuhi na jioni, kwa mwandiko uliotetemeka. Leo mtu mwenye kalamu tatu anasema vyote ni uongo?

"Nisikilize, mama yangu," alisema Saimon kwa sauti ya chini. "Wiki hii andika mia na sitini. Nitamwambia ubao ulikuwa na matope, ukakosea kusoma. Barua haitatoka, na wewe utabaki."

Alikuwa anamtakia mema, Kasiana alijua, ndiyo maana hakumrushia kigoda.

"Saimon mwanangu, hiyo mia na sitini wewe umeiona wapi?"

"Kwenye mashine."

"Mimi sikuajiriwa kusoma mashine. Siandiki. Mwambie injinia wako aje mwenyewe. Aje na barua yake, na aje na viatu vinavyovulika."

Lakini Saimon alipoondoka, Kasiana alishikwa na woga, tusidanganyane. Alikuwa na miaka hamsini na minne; macho huchoka. Jioni ile akausugua ubao kwa mchanga mpaka rangi ikang'aa, akasoma, kisha akamwita jirani yake Lidwina aliyekuwa akiosha sufuria, akamwambia asome naye bila kumtajia namba. "Sabini na tatu," alisema Lidwina. Kasiana akaandika sabini na tatu, akapanda zake kilima.

Keshokutwa yake asubuhi gari likateremka. Injinia alitoka na barua, akaisoma pale pale mtoni mbele ya wanawake zaidi ya kumi, kwa Kiswahili cha ofisini. Namba za kubuni. Uzembe wa muda mrefu. Kusitishwa mara moja. Lidwina aliacha kufua. Mwingine akasema "Yesu na Maria!"

"Umemaliza?" aliuliza Kasiana.

"Nimemaliza."

"Vua viatu."

"Sikuja kuoga hapa, mama."

"Umenishtaki mbele ya mto, bwana injinia. Ingia basi umuulize shahidi. Au unaogopa?"

Wanawake wakaguna. Injinia alitazama huku na huku, akaona hana pa kutokea, akavua viatu, akakunja suruali, akaingia. Kasiana akaingia mbele yake na kitenge chake, akamwonyesha mahali pa kusimama, mguuni mwa ubao, pale ambapo kipimo kinaanzia sifuri. Maji yakamfika injinia katikati ya mapaja, na suruali yote ikalowa.

"Saimon!" aliita Kasiana. "Panda kwa Bakili. Iulize hiyo simu yenu isiyo na mdomo, sasa hivi, maji yako wapi."

Saimon akapanda mbio. Wote wakangoja, nyuso wameinua kuelekea kwenye tanuri. Kisha sauti yake ikashuka bondeni: "Mia moja hamsini na tisa!"

"Rudia, injinia hajasikia!"

"Mia moja hamsini na tisa!"

Kasiana akamgeukia injinia, akamtazama toka utosini mpaka majini. "Kwa hesabu ya mashine yako, baba, maji yamekufika puani. Mbona bado unaongea?"

Loo! Wanawake waliangua kicheko mpaka mmoja akakaa kwenye beseni la nguo. Injinia aliinama, akausoma ubao mwenyewe, akausoma tena. Sabini na moja. Shingo ilimwiva, lakini hakuwa mtu wa kushindwa upesi. Akapiga hatua mbili hadi kwenye bomba, akaingiza mkono ndani ya kiukuta cha mawe, na mkono ukatoka na utelezi mweupe unaonuka mpaka ng'ambo. Akaingiza tena, akavuta gunia. Likafuata la pili, la tatu, la nne. Yote mihogo, yote yamebanwa barabara kwenye vitundu vya bomba, utando umeviziba. Maji ya mwezi wa nne yalikuwa yamefungiwa humo ndani, na mashine ikawa inayapima hayo kila siku.

"Haya!" alifoka injinia. "Nani aliyeharibu mtambo? La nani hili?"

Alikuwa ameinua gunia lililoshonwa mdomo kwa uzi mwekundu. Kicheko kikakatika. Lidwina akainamisha kichwa, maana uzi ule aliujua, kila mmoja pale aliujua, na hakuna aliyekuwa tayari kusema.

Kasiana aliutambua uzi wake. Siku mbili alikuwa akitafuta kosa kwenye macho yake, kumbe wiki tatu alikuwa akilibeba kichwani na kulishusha mtoni. Angenyamaza, nani angemjua? Alikuwa ameshashinda.

"Hilo ni langu," alisema.

"Lako?"

"Langu. Hayo matatu ni ya wenzangu, na majina siyatoi, hata ukiniletea polisi. Mlitujengea ukuta mzuri, maji yakatulia, mihogo ikawa inalainika siku tatu badala ya nne. Bomba lako nikalisahau. Hapo nimekosa, na wala sijifichi. Lakini mwezi wa tatu nilikwambia hapa ni pa mihogo, ukaniambia nikae pembeni. Na namba, bwana injinia, sijapika hata moja. Si mwaka huu, si mwaka wowote."

Saimon, aliyekuwa ameshuka, aliingia majini na kijiti, akavizibua vitundu kimoja kimoja. Bomba likakoroma, likatema maji machafu, likanyamaza. Wakangoja robo saa mashine ipime upya, hakuna aliyefua, hakuna aliyeondoka. Saimon akapanda tena kwa Bakili.

"Sabini na moja!"

Vigelegele vilisikika mpaka barabarani. Injinia alitoka majini, akakaa juu ya jiwe, akavaa kiatu kimoja, kisha akaikunja barua mara nne na kuitia mfukoni. "Basi, mama. Utaendelea na kazi. Tuyaache haya."

"Hatuyaachi," alisema Kasiana. "Barua umeisoma kwa sauti mbele ya watu. Na mimi nitaandika mbele ya watu."

Akafungua daftari la thelathini na nane. Kwenye mstari wa siku ile akaandika sabini na moja, na upande wa maelezo akaandika polepole, huku akisoma kwa sauti ili wanawake wote wasikie: "Mashine ilisema mia na hamsini na tisa. Mto ulikuwa sabini na moja. Bomba lilizibwa na magunia manne ya mihogo, moja la Kasiana." Akamnyooshea injinia daftari.

Injinia alisoma, akakunja uso. "Mengine naelewa. Lakini gunia lako la nini kuliandika? Nani angejua?"

"Lilikuwemo," alisema Kasiana. "Weka sahihi."

Injinia akachomoa kalamu moja katika zile tatu, akaweka sahihi.