Kikao Kuhusu Kichwa cha Okinyi

Siku Okinyi alipomwambia mama yake kwamba anataka kupandikizwa nywele, mama huyo alikuwa amekalia katoni ya nywele. Hazikuwa zake, maana hizo ni habari nyingine. Zilikuwa nywele za wanawake wasiojulikana wa Bara Hindi, zilizooshwa, zikatiwa rangi, zikafungwa kwenye nailoni na kuvushwa bahari ili zije kuuzwa kwa jumla katika vichochoro vya soko la Kikuubo, Kampala, ambako kila mtu alimwita Nerima kwa jina la Mama Nywele.

"Kupanda nywele?" Nerima aliuliza, kwa sauti ya kuwafikia hata wasiohusika. "We ni shamba?"

Wapagazi wawili waliokuwa wakipita na magunia walicheka mpaka wakayatua. Okinyi alivuta kofia yake chini, akaondoka.

Nerima hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa na ulimi tu, na ulimi wenyewe ulimlisha vizuri. Alitoka Bungoma na mumewe Oyugi baada ya vita vya themanini na sita, wakati Kampala ilikuwa imepungukiwa na kila kitu. Oyugi akaleta sabuni, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuleta kinachohitajika. Nerima yeye akaangalia mbali zaidi, akasema watu wakishaoga watataka kupendeza, na hakukosea. Sabuni iliwapa chumba cha kulala; nywele ziliwapa nyumba mtaa wa Kamwokya.

Okinyi, kitindamimba wao, alikuwa na miaka ishirini na minne na kazi nzuri ya kutengeneza kompyuta. Nywele zilianza kumhama akiwa na ishirini, kuanzia kwenye paji la uso kurudi nyuma, bila haraka na bila kuaga. Mama yake ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona, na kwa kuwa alikuwa wa kwanza kuona, aliona ni haki yake kuwa wa kwanza kutangaza. Akampa jina la Entebbe, kama uwanja wa ndege. Aliwaeleza wateja kwamba pale juu ndege inaweza kutua hata na mvua. Kikuubo wakalipenda jina hilo kuliko alivyolipenda yeye, na haikupita wiki wapagazi nao wakawa wanamwamkia Okinyi kwa kuiga mlio wa injini.

Mwanzoni Okinyi alicheka pamoja nao. Halafu akanunua kofia. Halafu akaacha kwaya, kwa sababu kanisani kwao mwanamume hasimami mbele ya madhabahu na kofia. Mwishowe akawa analala nayo. Nerima aliyaona yote hayo, akayaita maringo.

Sasa ukweli, ambao katika Kampala nzima ulijulikana na watu wawili tu. Chini ya wigi la Mama Nywele hapakuwa na kitu. Miaka ya kusuka kwa kukaza na kupaka dawa za kulainisha ilikuwa imezing'oa nywele za mbele, na Okinyi alipokuwa mdogo wa shule, Nerima alikwenda kwa bwana mmoja aliyeahidi kuiamsha mizizi kwa sindano. Mizizi ikalala moja kwa moja. Kichwa kikaoza, kikatoa usaha, na Nerima akajifungia ndani akiwatangazia watu kwamba ana malaria. Oyugi ndiye aliyemwosha vidonda kwa maji ya vuguvugu na chumvi, asubuhi na jioni, na hakusema neno, si wakati ule wala baadaye. Nerima siku zote aliuchukulia ukimya huo kuwa ni uzito wa akili.

Tangu hapo alilala na kitambaa, alioga kwa kufunga mlango na kitasa, na hakupanda bodaboda hata mvua inyeshe vipi, kwa sababu sheria inataka helmeti, na helmeti haijui heshima ya mtu. Ungedhani mwanamke wa namna hiyo ndiye angekuwa wa kwanza kumwelewa mwanawe. Wapi!

Badala yake aliitisha kikao. Kampala hakuna jambo linalokwenda bila kikao: harusi, msiba, hata mtu akimaliza chuo. Kikakaa Jumapili baada ya ibada, sebuleni kwao, mwenyekiti akiwa Mzee Odur, jirani yao, polisi mstaafu aliyeongoza kila kikao mtaani kwa sababu hakuna aliyeweza kuishinda sauti yake. Kichwa chake hakikuwa na unywele hata wa ushahidi. Nangila, dada yake Nerima, alikuja na misuko ya kufika kiunoni aliyoipata dukani kwa bei ya udugu. Oyugi aliketi dirishani na nywele zake mwenyewe, ambazo kwenye miaka sitini na kitu zilikuwa nyingi na nyeusi kama za kumkomoa mtu.

Walipomaliza kuomba, Mzee Odur alisimama.

"Mimi nimefanya polisi miaka mingi," alisema. "Hii kichwa imepigwa jua, imepigwa mvua, imepigwa na mawe ya wanafunzi. Hakuna siku mtu aliniuliza, afande, nywele iko wapi? Mwanaume ni kazi. Nywele ni ya wanawake na ya mbuzi."

Nangila akamleta Mungu kwenye mjadala. Alisema Mungu ndiye anayegawa nywele, na kwenda kuongeza kwa daktari ni kumwambia kwamba amekupunja.

"Kweli, mama mkubwa," alisema Okinyi. "Mungu anagawa rejareja, mama anauza jumla."

Hata Oyugi alitabasamu. Nerima alicheka kwa moyo wote, akafurahi kwamba mtoto amerithi ulimi, kisha akaharibu. "Entebbe imejibu!" alipiga kelele. "Ndege imetua!"

Sebule nzima ikaangua kicheko, isipokuwa Okinyi. Aliongea taratibu, akiangalia sakafu.

"Mi sitaki kuwa mzuri," alisema. "Nataka kuingia mahali bila kufikiria kichwa yangu. Ni hiyo tu."

Kama kuna mahali mama hupewa nafasi ya kusema neno la mama, ilikuwa hapo. Nerima aliiona nafasi hiyo. Moyo wake ulimsukuma kabisa. Lakini ulimi ulikuwa karibu zaidi.

"Kama ni nywele, dukani ziko," alisema. "Njoo uchague rangi."

Wakapiga kura kwa mikono. Odur alikataa, Nangila alikataa, Nerima alikataa. Mkono wa Oyugi ulibaki kwenye goti, na mwenyekiti akaamua kwamba goti hilo linakubaliana na wengi. Okinyi aliwashukuru wote kwa adabu kubwa, na adabu hiyo ingetosha kuwashtua kama wangekuwa na akili. Wageni walipokuwa wanaondoka, Mzee Odur alibaki getini akijifanya anafunga viatu, viatu ambavyo havikuwa na kamba, akamwuliza Okinyi kwa sauti ya chini namba ya simu ya daktari wa hospitali aliyotaka kwenda. Ilikuwa kwa ajili ya rafiki yake, alisema.

Siku chache baadaye Oyugi alitokea dukani Kikuubo kabla ya saa sita, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisimama kati ya katoni akimngoja mkewe amalize kumsifia mteja.

"Mtoto yuko Wandegeya," alisema. "Kwa Bright."

Nerima alimjua Bright. Nani hakumjua? Alianza na duka la kutoa fotokopi kwa ajili ya wanafunzi pale Wandegeya, karibu na chuo kikuu, akaingia kwenye kuchora nyusi, na tangu mwaka jana, kwenye chumba kilekile juu ya ngazi zilezile, akawa daktari wa kupandikiza nywele. Picha zake zilizunguka kwenye kila simu ya kijana mwenye kofia.

"Kwa Bright? Si alisema ni hospitali?"

"Hospitali ilikuwa ya kabla ya kikao. Baada ya kikao akatafuta mahali ambapo hawaulizi mtu maswali. Leo ndiyo anafanyiwa."

"Na wewe ulijua? Mbona hukuniambia?"

"Ungecheka," alisema Oyugi. Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana ilimwuma.

"Basi ungemkataza wewe! Wewe si baba?"

"Mimi nina nywele, mama Okinyi. Nitamwambia nini?"

Nerima aliacha duka wazi. Alisimamisha bodaboda ya kwanza aliyoiona, akapewa helmeti, akaishika kwa mikono miwili juu ya wigi safari nzima kama mtu aliyebeba sufuria ya uji, huku akimtukana dereva kwa kila shimo. Wandegeya alishuka mbele ya mashine za fotokopi, akapanda ngazi akihema.

Juu kulikuwa na benchi. Okinyi alikuwa amekaa hapo, ameshanyolewa upara, na kwenye paji lake la uso kulikuwa na mstari wa kalamu ya bluu kuonyesha nywele zitaanzia wapi. Alikuwa ameshika kofia mapajani. Pembeni yake, akisubiri kuchorwa nyusi, alikaa Safinah, mwenye saluni kubwa Kamwokya, mteja bora kabisa wa Mama Nywele na mdomo mwepesi kuliko yote kati ya Kamwokya na Kikuubo.

"Mama Nywele!" Safinah alifurahi. "Na wewe umekuja nyusi?"

Nerima alimpita. "Simama, twende nyumbani," alimwambia mwanawe.

"Mama, kikao kiliisha."

"Okinyi, huyu mtu ni wa fotokopi!"

Bright mwenyewe akatokea mlangoni, koti jeupe na glavu mikononi. Alisema mama asiwe na presha, ni vishimo vidogo tu, na kijana ni mtu mzima ameshasaini. Nyuma yake Nerima aliona sinia la sindano limefunikwa kwa kitambaa cha kufutia vyombo. Alitafuta mzaha wa kusema, akakuta hakuna hata mmoja.

Okinyi aliinuka kuingia. Nerima alimshika mkono wa shati.

Alijua anachotakiwa kufanya, na alijua pia kwamba Safinah ameketi palepale, macho wazi. Kabla ya jioni kila saluni ingekuwa imeambiwa. Nani atanunua nywele kwa mwanamke mwenye kichwa kile? Alitamani Safinah aitwe ndani. Alitamani simu yake ilie. Alitamani, Mungu amsamehe, mtu mwingine awe ndiye mama wa kijana huyu. Kisha akapandisha mikono, akachomoa pini moja baada ya nyingine, akalivua wigi.

Feni ilikuwa inazunguka. Upepo ulimpiga mahali ambapo haukuwahi kumpiga mbele za watu.

"Banange, jamani," alisema Safinah, akasahau nyusi alizozijia.

"Tazama," Nerima alimwambia mwanawe. "Karibia. Hapa sindano iliingia. Hapa pakaoza. Na hapa, na huku nyuma ya sikio. Na aliyenichoma naye alikuwa na koti jeupe."

Bright alisema ile ilikuwa teknolojia ya zamani. Hakuna aliyemsikiliza.

Okinyi alisogea. Aliyatazama yale makovu yaliyong'aa, moja moja, bila kugusa.

"Lini?"

"Ulikuwa darasa la tatu."

"Ile malaria."

"Haikuwa malaria."

"Nani mwingine anajua?"

"Baba yako."

"Alisema nini?"

"Hajasema kitu mpaka leo."

Okinyi alitikisa kichwa polepole, kama mtu ambaye hesabu imemkubali lakini jibu halimpendezi. Macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Na mimi ukanicheka," alisema. "Miaka minne, mama. Mbele ya watu."

Nerima alikuwa na majibu mengi, kama kawaida yake, na yote yalikuwa ya kuchekesha. Aliyaacha yapite. Lililobaki lilikuwa dogo na baya, na hakuwahi kujiambia hata mwenyewe.

"Nilitaka waangalie kichwa chako," alisema, "wasiangalie changu."

Safinah aliinama, akaanza kuchunguza viatu vyake.

Okinyi hakumkumbatia. Anayetegemea kukumbatiana hapo hajawahi kuitwa jina na mama yake mzazi. Alijifuta mstari wa bluu kwa kiganja, nao ukasambaa tu paji zima. Halafu akamwambia Bright avue glavu, leo hakuna kazi.

"Kuna daktari wa ngozi, wa kweli, kwenye ile hospitali," alimwambia mama yake. "Nimeogopa kwenda kwake kwa sababu wanasema mtu wa umri wangu anaambiwa angoje. Nitakwenda. Akisema ningoje, nitangoja. Akisema nipandikizwe, nitapandikizwa, na sitaki kikao."

"Sawa, baba," alisema Nerima. "Nitakusindikiza."

"Sijasema unisindikize. Wewe unaingia kwanza. Aangalie hayo makovu."

Nerima alifungua kinywa kumkumbusha kwamba duka liko wazi, kwamba kuna mzigo unaingia, kwamba kichwa cha mtu mzima hakionyeshwi ovyo kwa madaktari.

"Kesho?" aliuliza.

"Leo," alisema Okinyi, akaanza kushuka ngazi bila kumngoja, na mama yake akamfuata akiwa na wigi mkononi.