Karatasi Moja Iliyobaki

Mama Won-pal alifika kwenye dirisha la wageni akiwa amefunga miguu kwa matambara, kwa sababu viatu vyake vya majani ya mpunga viliishia njiani. Alikuwa ametembea siku tatu kutoka milima ya Hongcheon mpaka Seoul, na tangu asubuhi alikuwa kwenye foleni ya jela, nje, theluji ikimwangukia kichwani. Zamu yake ilipofika midomo ilikuwa imekufa ganzi. Alisukuma kibali chake chini ya nondo.

"Umekuja tena, mama," alisema Pyo Chang-sik kutoka ndani.

"Nimekuja, mwanangu. Ningekaa nyumbani nani angeniletea habari?"

Pyo alikuwa mkalimani wa jela. Mkorea mwenzake, mwaka wa kumi na moja dirishani hapo. Wajapani ndio waliokuwa watawala, na ndani ya kuta zile neno lolote lisilo la Kijapani lilipaswa kupita kinywani mwake kwanza. Alizoea kusema ya watu hata akasahau yake. Alitazama namba ya mfungwa kwenye kibali. Namba hiyo alikuwa ameiona saa mbili zilizopita, kwenye amri ya kunyonga yenye muhuri mwekundu. Kesho, saa nne asubuhi.

Utaratibu ulikuwa umenyooka. Mfungwa huambiwa asubuhi ile ile. Jamaa zake hawaambiwi kitu mpaka kazi iishe, kisha hutumiwa kadi ya posta, na tangu saa ya kifo wana saa ishirini na nne za kuuchukua mwili. Usipochukuliwa, hupelekwa kwa wanafunzi wa udaktari. Kadi kufika Hongcheon huchukua siku nne. Hesabu hiyo hakuna aliyeifanya, au aliyeifanya aliona si kazi yake. Pyo alikwisha kuwapokea akina mama wa milimani waliofika siku ya nane na machela ya miti, akawaonyesha mstari kwenye daftari. Kwa imani yao, mtu asiye na kaburi hana pa kuandaliwa chakula kila mwaka, huzurura na njaa milele. Wale kina mama hawakupiga kelele. Walibeba machela yao wakarudi, na hilo ndilo lililokuwa likimnyima Pyo usingizi.

Na mkalimani akitoa siri ya amri, hufungwa yeye.

"Leo utalala mjini?" aliuliza.

"Nilale wapi? Nikishamwona, narudi. Mzee wangu yuko kitandani, hata kugeuka hawezi. Nimemwachia jirani, naye jirani ana wake."

"Usirudi leo."

"Kwa nini?"

Pyo aligeuka kidogo. Nyuma yake karani mkuu, Kuramochi, alikuwa akichonga penseli.

"Kuna karatasi moja imebaki," alisema. "Njoo kesho saa sita mchana, utie kidole."

"Karatasi gani, mwanangu?"

"Ya ofisi."

Mama alimkazia macho. Kisha uso wake ukafunguka, na Pyo akajua amefanya kosa ambalo halina marekebisho.

"Ile ya kuomba huruma? Tuliyotia vidole kijiji kizima? Hata kipofu Maeng alitia!"

"Sijui, mama. Wewe njoo tu."

Angeweza kusema si hiyo. Maneno mawili tu. Lakini angesema si hiyo, mama angeuliza basi ni ipi, na Kuramochi alikuwa amemaliza kuchonga penseli. Pyo alipiga muhuri kwenye kibali.

Chumba cha kuonana kilikuwa na wavu katikati, na dakika zake zilikuwa tano; Pyo alisimama kando kutafsiri. Won-pal aliletwa amefungwa mikono. Masika ya mwaka juzi msimamizi wa shamba la bwanyenye alikuja kubeba mpaka mbegu za kupanda, Won-pal akampiga kwa mpini wa jembe, mara moja, na mara moja ilitosha. Sasa mashavu yalikuwa yamebonyea, lakini alipomwona mama yake alicheka.

"Mama, umekuwa mfupi!"

"Nimepungua kwa kukufuata wewe, mpumbavu. Sikiliza. Bwana mkalimani kaniambia nisirudi. Kuna karatasi moja imebaki, ya kesho!"

Askari wa Kijapani aliinua kichwa. "Anasemaje?"

"Anasema theluji ni nyingi huko kwao," alitafsiri Pyo.

Won-pal hakumtazama mama yake. Alimtazama Pyo. Katika vyumba vya wale wanaongoja kamba, watu hujua mambo kwa hatua za viatu vya askari, na hawahitaji kuambiwa mara mbili.

"Karatasi ya kesho, mkalimani?"

"Ya kesho."

Kijana aliitikia kwa kichwa polepole. 

"Basi usiondoke, mama. Hata wakikufukuza langoni, kaa. Nisije nikatoka nikakosa mtu."

"Nikuache? Lijitu zima linaogopa njia!" Mama alicheka, akafuta machozi kwa mkono wa nguo. "Nitakaa hapo mpaka niote mizizi."

"Na baba?"

"Baba yako atagangamaa. Siku moja haimuui."

"Anasemaje?" aliuliza askari.

"Anasema baba hajambo."

"Muda umekwisha."

Asubuhi ya pili Pyo alisimama kwenye nyumba ya mbao ya kunyongea iliyo nyuma ya jela, kwa maana hata huko sheria ilitaka mkalimani. Mkuu wa jela alisoma amri, Pyo akaitafsiri. Mkuu akauliza kama mfungwa ana neno la mwisho, Pyo akatafsiri na hilo.

"Yupo nje?" aliuliza Won-pal.

"Yupo," alijibu Pyo, ingawa alikuwa bado hajamwona.

"Kasemaje?" aliuliza mwandishi, kalamu tayari.

Pyo alifikiri kidogo. "Hana neno."

Ikaandikwa hivyo.

Saa sita mama alikuja. Alikuwa amelala jikoni kwa muuza supu mmoja, akimwoshea mabakuli kwa ajili ya kulala karibu na meko. Nywele alikuwa amezichana na kuzipaka mafuta, na mkononi alishika furushi. Pyo alikuwa ametafuta maneno usiku kucha, akapata mengi, na yote yakamtoroka alipomwona ananyoosha kidole gumba kwenye wino kabla hajaombwa.

"Wapi, mwanangu? Hapa?"

Akatia. Alama ilitoka safi, mistari yote ikionekana.

Kuramochi aliivuta karatasi ya kuchukua mwili akafurahi kweli. "Huyu kaja mwenyewe? Mara ya kwanza naona! Umetupunguzia hata kadi, Pyo. Ofisi zote zingekuwa hivi." Alipuliza wino ukauke. "Muulize kama ana nguo. Sare ni mali ya serikali, inabaki."

Pyo alifungua kinywa. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akiyapitisha maneno ya watu yakaenda zake. Haya yalikwama.

"Mama," alisema. "Una nguo?"

"Ninayo!" Alifungua furushi harakaharaka. Lilikuwa koti la pamba, limewekwa viraka viwili, limefuliwa. "Muuza supu kaniazima, la mwanawe. Nimemwambia, tukifika nyumbani tutalirudisha. Mikono itampungukia kidogo, lakini baridi hii nani atatazama mikono?" Akashusha sauti, akiona haya kuomba zaidi. "Atavaa mwenyewe huko ndani, au mtaniruhusu nimvishe mimi?"

"Anasemaje?" aliuliza Kuramochi.

Pyo aliiona penseli ikingoja juu ya karatasi.

"Anasema nguo anayo."

"Vizuri. Apite mlango wa nyuma. Asichelewe, chumba kinahitajika."

Kuramochi akatia alama kwenye mstari wa mwisho. Mama hakuelewa neno, ila alielewa kwamba penseli imetembea, akainama mpaka paji la uso likagusa ubao wa dirisha.

"Mungu akuzidishie, mwanangu," alimwambia Pyo. "Wewe ndiye uliyenizuia nisirudi."

Pyo alitoka kumwongoza, kwa kuwa huo nao ulikuwa wajibu wake. Walipita uani. Mbele ya mlango wa nyuma askari alitafuta ufunguo, na mama akalikung'uta koti, akalishika kwa mabega, akalifungua kuelekea mlangoni.